Kasri la Disney: lile la bluu la 1985 au hili la fataki?

Watu wa katuni tukikaa pamoja bishano hili halikosi, logo ipi ya kufungulia filamu za Disney ndo kali, lile kasri jeupe kwenye bluu tulilokuwa tunaliona kwenye mikanda ya video, au hili la kompyuta lenye mto na treni na fataki zinapasuka juu. Sisi wa enzi za deki tunalilia la zamani, wadogo zetu wanasema tumeganda kwenye utoto. Mi naona pande zote mbili zina hoja ya kweli, ila kuna kitu wote tunakiruka.

Kitu chenyewe ni kwamba Disney wamekaa miaka mingi sana bila kasri mbele ya filamu zao. Kampuni ilianzishwa Oktoba 1923 na Walt na kaka yake Roy, na kwa miongo mingi filamu zilikuwa zinafunguka na maandishi tu, jina la Walt na jina la msambazaji, kwanza RKO halafu kuanzia 1953 Buena Vista ambayo ilikuwa kampuni yao wenyewe ya usambazaji. Zile katuni kubwa zilizochorwa kwa mkono picha moja moja, zilizoijenga studio mpaka ikawa hiyo tunayoijua, zilipotoka kwa mara ya kwanza hazikuwa na kasri lolote mwanzoni. Walt kafariki Desemba 1966, kasri la kufungulia filamu limekuja 1985, miaka karibu 19 baadaye.

Na lilikuja wakati mgumu. Mwaka 1984 tajiri mmoja alitaka kuinunua kampuni kwa nguvu, ikaponea chupuchupu, Septemba wakaletwa mabosi wapya, Michael Eisner na Frank Wells. Juni 1985 kasri la bluu likatokea kwenye Return to Oz, mwezi uliofuata likawa mbele ya The Black Cauldron, katuni iliyokula dola milioni 44 ikarudisha kama milioni 21 tu Marekani. Kwa hiyo tunaosema "ile ndo Disney halisi" tukumbuke Disney halisi ya wakati huo ilikuwa inatafuta pa kushika.

Halafu kasri lenyewe limetoka wapi? Halijatoka kwenye katuni. Ni lile la Disneyland kule California, bustani ya burudani iliyofunguliwa Julai 1955, kasri limepewa jina la Sleeping Beauty wakati katuni ya jina hilo imetoka 1959, yaani jengo limetangulia filamu kwa karibu miaka minne! Na wajenzi wake walichukua wazo kutoka Neuschwanstein, kasri ambalo mfalme Ludwig wa Pili alianza kulijenga Ujerumani mwaka 1869. Kwa hiyo studio ya wachoraji imejitambulisha kwa miaka 40 sasa kwa picha ya jengo la kwenye bustani ya kulipia kiingilio, na hapo ndo mi nakwama, iwe ni la bluu au la fataki.

Ila nilitetee la bluu kidogo maana nalipenda. Ni mistari tu, jeupe kwenye bluu, mwanga unashuka kasri linajichora, jina linatokea kwa mwandiko wa sahihi ya Walt, kisha kimwanga kinapita juu kama upinde na wimbo wa When You Wish Upon a Star unalia kwa upole. Kwetu tulikuwa na TV ya chogo na mkanda uliochoka, una chenga na mistari, na bado ulikuwa unalitambua kasri kabla hata sauti haijakaa sawa. Mtoto wa darasa la pili analichora kwenye daftari na wenzake wanajua ni nini. Hiyo ndo kazi ya logo, na kwa kazi hiyo sijaona la Disney lililolishinda.

Wenye la fataki, la 2006, nao wana lao. Kompyuta zilishaingia mapema, 1995 kwenye Toy Story jamaa wa Pixar, studio ya katuni za kompyuta, waliliunda kasri upya kwa kompyuta, ila hili kubwa lilianza 2006 na filamu ya pili ya Pirates of the Caribbean. Hapa wamechanganya kasri la California na lile la Cinderella la bustani yao ya Florida, kamera inashuka kutoka kwenye nyota, inapita bendera, mto, treni, halafu ndo unaliona zima. Ukumbini taa zikizimwa ikaanza hiyo, watu wananyamaza wenyewe, nimeshuhudia zaidi ya mara moja. La bluu kwenye skrini kubwa lisingeweza kufanya hivyo. Shida yangu ni kwamba limekuwa mahali pa kutembelea badala ya alama, ukiambiwa ulichore kwa kumbukumbu utachora minara miwili mitatu basi.

Kitu ambacho la fataki linaweza na la bluu lilikuwa haliwezi sana ni kubadilika nguo. Tron: Legacy ya 2010 walilivalisha taa za ile dunia ya kompyuta, Coco ya 2017 ule wimbo ukapigwa kwa mtindo wa mariachi wa Meksiko. Wengine wanaona ni kuichezea alama, mi hapana, ya Coco ilinifanya nitabasamu kabla filamu haijaanza na wimbo nimeutambua vilevile. Kwangu wimbo ndo logo yenyewe, umetoka Pinocchio ya 1940 na umeyapita makasri yote, hata lile jipya la maadhimisho ya miaka 100 lililoonyeshwa 2022.

Kuna na suala la 2011, walipoondoa "Walt" na "Pictures" likabaki Disney tu. Wanaotetea wanasema jina fupi linasomeka hata kwenye simu, na ni kweli. Lakini mwandiko ule ni sahihi ya mtu, ukishaondoa jina lake la kwanza watoto wanaanza kudhani Disney ni jina la duka. Hapo niko na wazee kabisa.

Sasa ile ninayoipenda kuliko zote wabishi wengi hawaitaji kabisa, logo ya Walt Disney Animation Studios iliyoanza 2007 na Meet the Robinsons. Karatasi tupu, michoro ya penseli inapita harakaharaka, ghafla ni Mickey wa katuni ya Steamboat Willie ya 1928 kashika usukani anapiga mluzi. Sekunde chache tu na umeona kazi ya katuni ilivyo, mchoro juu ya mchoro mpaka kitu kinapumua.

Kuna wanaosema ile iliwekwa kisheria zaidi, kwamba haki miliki ya Steamboat Willie ilikuwa inaelekea kuisha, na kweli Marekani imeisha tarehe 1 Januari 2024, lakini Mickey huyo akiwa kwenye logo anakuwa alama ya biashara, na hiyo haina mwisho ilimradi unaitumia. Hoja hiyo siidharau, kampuni hii hii ilisajili "Hakuna Matata", maneno ya wimbo wa katuni yao ya The Lion King, Marekani kwa ajili ya fulana, usajili ukapita 2003, na 2018 watu zaidi ya laki moja wakasaini kupinga maneno ya Kiswahili kumilikiwa hivyo, mimi nikiwa mmoja wa waliokasirika. Ila hata kama wanasheria walikuwepo kwenye kikao, aliyeamua ianze na penseli alikuwa anaijua kazi ya studio.

Kwa hiyo mi msimamo wangu, kasri wabaki nalo kwenye filamu za waigizaji na kwenye zile bustani zao, ndiko lilikotoka. Katuni zifunguliwe na ile karatasi peke yake.