Oke ya Fundi

Hivi jamani, oke ni ndiyo au ni hapana? Nauliza kama mtu mzima anayesubiriwa harusini Mikindani Jumamosi, na kanzu yake bado ni kitambaa kilichokunjwa chini ya cherehani pale Chikongola.

Kitambaa nilikipeleka mikorosho ikiwa maua. Sasa minada imeshaanza. Nilisema, "Fundi, mabega usibane." Oke. "Shingoni weka tarizi ya kahawia." Oke. "Ijumaa naijia." Okeeee, hiyo akaivuta hadi nikaona raha. Ijumaa namkuta anashona sare za kikundi cha ngoma. "Fundi, kanzu?" "Oke," pini ziko mdomoni. Hiyo ni karibu, au ni pole? "Umeshaikata?" "Oke, mjomba, tatizo umeme tu." Umeme! Cherehani ya kukanyaga! Nikamwonyesha kanyagio kwa fimbo, kwa adabu zote. Akalitazama kwa muda, kama ndiyo kwanza wanakutana. "Oke," akasema, na safari hii nadhani alimaanisha kumbe umeliona.

Karani wa chama cha msingi naye, malipo yangu ya korosho ni oke tangu juzi ile. Mama watoto akisema oke, mimi najitandikia sebuleni mwenyewe.

Mpwa wangu wa chuo, bila kuombwa, akanipa historia. Eti mwaka 1839 magazeti ya Boston, Marekani, yalikuwa na utani wa kukosea tahajia kusudi, halafu kufupisha. "Yote sahihi" ya Kiingereza wakaiandika "oll korrect", ikabaki O na K, ikachapwa tarehe 23 Machi. Mwaka uliofuata Rais Martin Van Buren akagombea tena. Jina lake la utani Old Kinderhook, kwa mji aliozaliwa, basi wapambe wakazidaka herufi hizo. Na akashindwa.

Yaani mtu anasema yote sahihi, na hapohapo ameshakosea! Basi fundi wangu hajalipotosha neno hata kidogo. Anahifadhi urithi.

Nikamuuliza mpwa, huko chuoni wanafundisha na kudai kitambaa? Akacheka, akaomba hela ya bando. Bando lenyewe langu linamalizwa na kamati ya harusi. Mchango nimelipa, risiti ninayo, na bado kila alfajiri wananikumbusha, pamoja na picha ya waridi linalometameta. Hao sijui wanapata wapi umeme.