Nguruwe wa kukaanga na hoho: nyama inasingiziwa

Qingjiao rousi ni nyama ya nguruwe iliyochanwa vijiti vyembamba na kukaangwa haraka na pilipili hoho za kijani. Nchini China ni chakula cha kawaida cha nyumbani. Wengi wakisikia “nguruwe wa kukaanga” huwaza mafuta tu, na hapo ndipo ninapopinga. Gramu 100 za sarara mbichi, yaani nyama laini ya mgongoni, zina protini takriban gramu 21 na mafuta gramu 2 hadi 4. Nyama ya tumbo, kwa uzito huohuo, hupita gramu 50 za mafuta. Kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanyika buchani.

Sarara ya nguruwe pia ina vitamini B1 nyingi kuliko ng'ombe au kuku, na mchele mweupe umepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo kinuni. Basi mboga hii na wali vinafaana kweli.

Kinachonitia wasiwasi ni chumvi. Kijiko kikubwa cha sosi ya soya kina karibu gramu 2.3 za chumvi. Mimina vitatu, unakaribia gramu 7, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 5 kwa siku nzima.

Kwa watu wawili, chukua sarara gramu 250 na hoho 2 kubwa. Nyama ikae friza nusu saa ikatike vizuri, kisha ikate kukingama nyuzi. Ichanganye na kijiko cha chai cha sosi ya soya, kijiko kikubwa cha maji na kijiko cha chai cha konifulawa (wanga wa mahindi), uiache dakika 15. Konifulawa hushikilia majimaji. Bila hiyo, nyama isiyo na mafuta hukakamaa, na mpishi hukimbilia kuongeza mafuta.

Karai lipate moto mpaka litoe moshi mwembamba, ndipo utie kijiko kikubwa kimoja cha mafuta. Tandaza nyama, usiiguse kwa nusu dakika, kisha geuza mpaka wekundu uishe kabisa: tegu wa nguruwe si wa kuchezewa. Itoe. Kaanga hoho dakika moja au mbili tu, maana moto mrefu huharibu vitamini C. Rudisha nyama, malizia na vijiko viwili vya chai vya sosi, bila chumvi nyingine.

Kosa kubwa ni kulijaza karai. Moto hushuka, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Mkiwa wanne, pika kwa awamu mbili.