Redio Inasikia Wote, Ila Treni

Jamani, mimi shida yangu ni moja tu: treni imefunga njia au haijafunga? Basi. Mengine yote mkae nayo.

Nakaa East End, hapa Houston, Texas, upande ambao reli zinakatiza mitaa zikielekea bandarini. Treni ya mizigo ya huku haina adabu. Nyingine urefu wake unafika maili mbili, na ikishajipanga vizuri pale reli inapokata barabara, kwenye kivuko, inasimama. Haijaharibika, haijagonga mtu, imesimama tu. Kwetu Morogoro treni ikisimama walau atatokea mtu wa kukuuzia ndizi. Hapa unakaa ndani ya gari, taa nyekundu zinakukonyeza, na kule ghalani msimamizi anaangalia saa. Mamlaka ya reli ya serikali kuu ilifungua mahali pa kupeleka malalamiko ya njia kufungwa, mwaka 2019. Unajaza fomu, treni imelala. Unamaliza kujaza, treni bado imelala.

Ndipo akatokea shemeji, kaka yake Mama Neema. Huyu ni mtu ambaye akifungua kifaa chako kukitengeneza, lazima skrubu zibaki mezani, na atakwambia hazikuwa na kazi. "Shemeji, nunua redio ya kuskani. Utawasikia madereva wa treni wenyewe wakiongea. Unajua njia imefungwa kabla hujavaa viatu." Nikatoa zaidi ya dola mia moja. Kikaja kidude cha mkononi, antena ya mpira, chaneli 500 zimegawanywa kwenye benki 10. Benki zote hizo na hakuna hata moja ya kukopa.

Sasa masafa hayajiingizi yenyewe. Unashikilia chaneli, unapiga namba yake, unaandika masafa tarakimu moja moja, usisahau nukta, unathibitisha. Hapo umemaliza chaneli moja. Reli za Marekani zinatumia kuanzia megahezi 160.215 hadi 161.565, kila baada ya kilohezi 15. Shemeji akayaingiza yote kwa kidole gumba, mkono wa pili uko kwenye pilau yangu. Namuuliza, shemeji, treni za hapa mtaani si zinatumia machache tu? "Huwezi jua." Akaongeza ya meli. Huwezi jua. Ya hali ya hewa. Huwezi jua. Polisi tu ndio waliopona, kwa sababu wenyewe walishahamia mfumo wa kidijitali, na kidude changu hakisikii hata wakikohoa.

Redio yenyewe inafanya hivi: inapita chaneli moja baada ya nyingine mbio mbio, ikikuta mtu anaongea inasimama kumsikiliza. Akinyamaza, inamngoja sekunde mbili hivi, huenda akajibiwa, ndipo iendelee na safari. Kwa maneno mengine, msemaji sana ndiye anayepewa muda, kama kikao cha harusi.

Na msemaji mkubwa kuliko wote ni ile chaneli ya hali ya hewa, 162.400. Ni sauti ya kompyuta inayotangaza usiku na mchana bila kumeza mate. Redio ikifika pale imefika, haiondoki. Asubuhi nimevaa, nimeshika funguo, nataka habari za treni, naambiwa joto ni nyuzi 95 za Fahrenheit, na upepo unatoka kusini mashariki. Ndugu yangu, jasho linaniingia machoni, hilo la joto nilishalipata! Nikampigia shemeji. "Bonyeza kile kitufe cha kuiruka." Nikabonyeza, ikarukwa. Kesho yake nawasha redio, mtangazaji huyo hapo, na upepo wake. Kumbe ukibonyeza mara moja inarukwa kwa muda tu, ukizima na kuwasha imerudi. Kuifungia moja kwa moja unabonyeza mara mbili haraka haraka. Hilo shemeji alilijua, ila nilikuwa sijamuuliza.

Haya, hali ya hewa imeondoka. Likaja duka. Kuna duka kubwa hapo jirani, wafanyakazi wana redio za upepo kwenye 154.570, masafa ambayo huku unatumia bila leseni. Kutwa nzima: mteja kamwaga maziwa, leteni deki. Kijana wa mbogamboga aje mbele. Kijana wa mbogamboga yuko wapi? Nanyosha kidole nilifungie, Mama Neema kanidaka mkono. "Wee! Ngoja kwanza apatikane!" Akavuta kiti. Kijana hakupatikana siku ile, na mboga zikaungua jikoni kwangu.

Meli nazo, sitasema uongo, zina utamu wake. Chaneli 13, megahezi 156.650, unawasikia marubani wa mfereji wa bandari, wale wanaoongoza meli, wakikubaliana namna ya kupishana. Mfereji ni mwembamba, basi meli mbili kubwa zinakuja uso kwa uso, kila moja inangoja mpaka karibu kabisa ndipo inakata kulia kwake, zinapita ubavu kwa ubavu. Na wanaongea taratibu, utadhani wanaagiza chai. Niliganda pale nikisikiliza mpaka nikachelewa kazini, na siku hiyo njia ilikuwa wazi!

Nikalalamika tena. Shemeji akasema dawa ni kuipa chaneli ya reli kipaumbele: kila baada ya sekunde mbili redio inaacha inachosikiliza, inachungulia reli, inarudi. Sasa kila mtu ndani ya redio ana kigugumizi. "Mteja kamwa... ziwa kwenye nji... mbogamb..." Mama Neema ananiangalia kama nimemharibia yeye.

Ila siku moja reli ikaongea kweli. Nikaongeza sauti, nikafukuza watoto. Kumbe si mtu, ni mashine iliyopandwa kando ya reli, inayokagua kama kuna magurudumu yanayopata moto. Ikataja namba ya maili, ikasema hakuna hitilafu, ekseli 412, yaani vile vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili mawili. Nikachukua kalamu. Vichwa viwili vya ekseli sita sita, zinabaki 400, gawa kwa nne za kila behewa: mabehewa mia moja. Kwa hiyo najua treni ina mabehewa mangapi, na najua haina homa. Iko wapi? Namba ya maili imetajwa, lakini imehesabiwa kuanzia stesheni gani, anajua aliyeipanda. Na dereva mwenyewe akipata nafasi ya kuongea anasema maneno matatu na kuzima, redio yangu wakati huo iko melini.

Wakati napiga hesabu, Mama Neema kafungua dirisha la jikoni. Honi ndefu, ndefu, fupi, ndefu. "Baba Neema, hiyo inaingia kivukoni. Pita darajani." Akafunga dirisha.

Juzi shemeji kaja na habari nyingine: makampuni ya reli yanajiandaa kuhamia dijitali, hivyo hii ya kwangu ya analojia itakuja kuwa bubu, tuanze kuchangia ya kisasa mapema. Nikamwambia hata hii naiuza. Nimeitafuta nikaipige picha ya kuuzia, haipo mezani, haipo kabatini. Mama Neema anayo chumbani, kajifungia. Kijana wa mbogamboga kapanda cheo, sasa yeye ndiye anayewaita wenzake, na hawaji.