Msiniongezee kitu: gari jepesi katika mji wa magari mazito

Kila anayelisogelea gari langu ana kitu cha kuongeza. Mmoja anataka niliwekee rimu za inchi 18. Mwingine ana spika ya kufunga nyuma ya viti, kana kwamba nyuma ya viti hakuna kitu. Kijana wa garaji moja huku Kampemba ameniapia kwamba kuna mtu Kitwe, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, anauza turbo "ya bei ya kirafiki". Hata shemeji yangu, mtu mwenye akili zake timamu, alinishauri nifunge mbele bampa ya chuma kama ya Land Cruiser, kwa sababu Lubumbashi haina huruma. Nawashukuru wote na nawakatalia wote. Waliolitengeneza walikaa chini wakaulizana nini kitolewe, na mimi sijafika mahali pa kuwasahihisha.

Ni Toyota MR2 ya kizazi cha kwanza, ile yenye pembepembe kama imekatwa kwa rula, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1984. Viti viwili. Moteri ya lita 1.6 imelala nyuma ya viti hivyo, mbele ya magurudumu ya nyuma. Uzito wake wote ni tani moja hivi, chini ya nusu ya hayo magari marefu yanayoshindana kuegeshwa mbele ya hoteli zetu. Huku kwetu mtu akipata kandarasi na kampuni ya madini, kitu cha kwanza kuongezeka ni kimo cha gari lake. Simlaumu. Barabara za Ruashi zina sababu zao. Ila ukikaa siku nzima juu ya tani mbili na nusu, unasahau kwamba kuendesha ni kazi ya mikono na masikio.

Moteri yenyewe inaitwa 4A-GE: vali 16, kamshafti mbili juu, bloku ya chuma na kichwa cha alumini. Ni ya ukoo uleule uliosukuma Corolla za mji huu kwa miaka. Na hapo ndipo ilipo hila ya aina hii ya magari. Hakuna aliyebuni moteri ya ajabu. Wanachukua moteri na gia za gari la kawaida linalovutwa na magurudumu ya mbele, wanazihamishia nyuma ya dereva, basi. Wafaransa walianza mapema na René Bonnet Djet ya mwaka 1962, yenye moteri ya Renault. Lotus nao wakaenda kuazima moteri ya Renault 16 kwa ajili ya Europa, mwaka 1966. Fiat wakaitoa kwenye 128 yao wakaizalia X1/9 mwaka 1972. Kwenye mashindano ya Formula One jambo lilikuwa limeshaamuliwa: Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1959 akiwa na Cooper yenye moteri mgongoni mwake, na miaka michache baadaye hakuna aliyekuwa bado anaiweka mbele.

Kwa nini moteri iwe katikati, kati ya dereva na magurudumu ya nyuma? Mtazame mtu anayeingia mjini asubuhi na baiskeli ya makala ya kupikia. Gunia alilolibana ndani ya fremu halimsumbui, anapinda anavyotaka. Lile la nyuma kabisa, lililopita hata gurudumu, ndilo linalompeleka lisikoelekea baiskeli. Uzito ni uleule, mahali ndipo panapotofautisha. MR2 imebana kila kizito ndani ya fremu: moteri nyuma ya mabega yako, tangi la esansi chini, katikati ya viti, mahali ambapo likijaa au likiisha mwendo wa gari haubadiliki. Usukani hauna msaada wa mafuta wala umeme, na hauuhitaji, maana mbele hakuna mzigo. Unapokanyaga kokoto, mkono unajua ni ya kushoto au ya kulia.

Watu huniuliza inakimbia kiasi gani. Hilo ndilo swali lisilonihusu kabisa. Kilomita 60 kwa saa ndani ya gari hili zina mambo mengi kuliko 140 ndani ya Prado, kwa sababu umekaa karibu na lami na kila kitu kinakufikia bila mkalimani. Kuna kifaa kwenye njia ya hewa ya moteri hii, Toyota walikiita T-VIS, ambacho huziba nusu ya matundu ya hewa moteri inapozunguka taratibu na kuyafungua ikifika mizunguko 4,400 hivi kwa dakika. Sauti inabadilika nyuma ya kichwa chako, kavu na kali. Unaweza kuisikia kwenye gia ya pili, ukitoka mzunguko wa barabara, bila kuvunja sheria yoyote na bila kumtisha mama anayevuka na beseni la ndizi. Niambieni turbo ya Kitwe ingeniongezea nini hapo, zaidi ya joto.

Na joto ndilo jambo ambalo mtu akitaka kumiliki gari hili Lubumbashi lazima alielewe kabla hajalielewa lingine lolote. Radieta iko mbele kabisa, moteri iko nyuma, na maji husafiri kati yao kwa mabomba marefu yanayopita chini ya gari. Ukiyajaza kama unavyojaza Corolla, hewa inabaki humo. Mshale wa joto utatulia vizuri, utajisifu, halafu mbele kidogo utapanda ghafla. Kichwa ni cha alumini, hakisamehe.

Fundi wangu ni mzee mstaafu wa karakana za SNCC, shirika letu la reli, na sijamwona akiharakishwa na mtu. Analiinua gari mbele kwa jeki. Anafungua hita ya ndani hadi mwisho ili maji yapite na huko pia. Anamimina kidogo, anasubiri, anamimina tena, huku akilegeza skrubu ya kutolea hewa na kuitega sikio. Mwanzoni inatoa pumzi tupu. Kisha mate, povu na maji pamoja. Anaipangusa kwa kitambaa, anasubiri hadi utoke mkondo mwembamba usiokatika, ndipo anaikaza. Nikianza kutazama saa ananiambia, "Mwana, acha kwanza hewa itoke yote, kisha utaenda." Haweki maji ya bomba matupu, anataka ile dawa ya radieta yenye kuzuia kutu, na asipoikuta tunarudi siku nyingine. Siku ya kwanza nilipompelekea, wanafunzi wake walikimbilia kufungua boneti ya mbele, wakakuta gurudumu la akiba. Mmoja akanigeukia kwa huruma ya kweli: "Yaya, balikuibia moteri!"

Vumbi letu jekundu la kiangazi nalo lina haki yake. Gari linavuta hewa ubavuni, nyuma ya mlango, palepale ambapo gurudumu la mbele linarusha kila kitu. Kati ya Mei na Septemba chujio la hewa linakaguliwa mara kwa mara, bila kungoja kitabu kinasema nini. Piesi za kuchakaa hazinipi shida, ukoo wa Corolla ni mkubwa na maduka ya mjini yanaujua. Mipira ya inchi 14 ipo. Kinachokosekana ni vioo, taa za nyuma, raba za milango, na mabati ya mwili. Hivyo unavilinda kama meno ya mbele.

Sasa hatari, kwa kuwa wanaolisifu gari la namna hii huwa wanaipitia haraka. Zaidi ya nusu ya uzito uko nyuma, umekusanyika, na mwili wote uko tayari kuzunguka. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo itakayokugeuza utazame ulikotoka. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, woga wako utakuambia uondoe mguu kwenye esansi. Usiutii. Ukiondoa ghafla uzito unakimbilia mbele, mipira ya nyuma inapungukiwa na mshiko, na mkia unatangulia. Punguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka, kisha pinda ukiwa na esansi kidogo mguuni. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo mbaya kuliko zote: lami imelala miezi na vumbi na oili za malori, mvua inaigeuza sabuni. Siku hizo naliacha nyumbani, na sioni aibu.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya gari hili haihusu ufundi. Ni viti viwili. Katika mji wetu gari si la mtu mmoja, hata kama jina kwenye karatasi ni moja. Jirani akifiwa, gari lako linaenda kilioni likiwa limejaa wamama na sufuria. Jumapili baada ya misa kuna wazee wa kurudishwa Katuba. Ukipita na gari lenye nafasi ya abiria mmoja, unatangaza mbele ya mtaa kwamba umejitoa. Mke wangu aliliita gari la uchoyo, na mama yangu, alipoliona, aliuliza swali moja tu: "Na batoto bataikala wapi?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Nyumbani kuna gari la familia, Toyota Noah, ndiyo inayobeba ndugu, sufuria na maiti wa ukoo ikibidi. Asiye na gari la pili asinunue hili; mji utamhukumu, na utakuwa na haki. Ila siwezi kukubali kwamba kila kitu mtu anachopenda lazima kiwe na viti saba. Mwingine ana chupa za pombe kali kwenye sebule, mwingine ana njiwa. Kwa bei ya Prado moja mpya ungenunua magari kama haya kadhaa na bado ukabaki na chenji ya mabati.

Jambo jingine ni usukani. Langu lilitoka Japani, kwa hiyo usukani uko kulia, na sisi tunaendesha kulia. Mjini unazoea. Kwenye barabara ya Likasi ni habari nyingine: umekaa chini, upande wa majani, nyuma ya lori lililobeba shaba, na unachokiona mbele ni mipira yake tu. Ili uchungulie lazima gari zima litoke kwanza. Madereva wengi wenye usukani wa kulia humtegemea abiria awaambie "pita!", nami sitaweka uhai wangu kwenye neno la binamu anayesoma simu. Kwa hiyo sipiti. Nakaa nyuma, mbali kidogo, hadi mahali wazi kabisa, na wanaonipigia honi wapite wao.

Ndiyo maana safari zake nzuri ni za kusini. Ukivuka Kasumbalesa upande wa barabara unabadilika, na ghafla uko upande ambao gari lilitengenezwa kuendeshwa. Kuelekea Chingola hadi Kitwe unaona mbele, unapita kwa haki, askari wanakusimamisha ili tu waulize moteri iko wapi. Huwa nafungua kifuniko cha nyuma kabla hawajamaliza swali.

Huko huko ndiko nililinunulia, na huko huko ndiko mwingine anaweza kulipata, kama bado yapo. Ukienda, piga magoti uangalie matao ya magurudumu ya nyuma na kingo za chini za mwili, kutu huanzia hapo na rangi mpya huificha vizuri. Gusa mabomba ya maji chini ya gari kutoka mbele hadi nyuma. Iwashe ikiwa baridi, ukae nayo hadi feni ya mbele ijiwashe yenyewe. Na ukikuta mwenyewe ameshaifunga rimu za inchi 18, spoila ya pili na ile turbo, usimwachie akuhesabie kama faida: mpunguzie bei kwa kila alichoongeza, kwa sababu utalipa fundi kukitoa.