Unalipa Ili Uchekwe?

Swali hilo aliniuliza mama yangu kwa simu, miaka mitatu iliyopita, usiku mmoja wa Novemba nilipokuwa nimetoka mazoezini na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Nilimpigia kumweleza kwamba nimejiunga na kikundi cha maigizo. Akafurahi sana. "Wanakulipa shilingi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia hawalipi. "Na nauli?" Nauli yangu mwenyewe. Kisha nikafanya kosa la kuongeza kwamba kuna ada ya mwaka, na kwamba kila siku ya mazoezi tunachanga pauni mbili za kodi ya ukumbi. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. "Yaani unatoa hela yako ili uchekwe?"

Sikuwa na jibu. Ninalo sasa, ila ni refu, ndiyo maana naliandika.

Naishi katika mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyeniingiza: aliniomba nikamsaidie kupiga pasi maleba, kwa kuwa mtu wa pasi alikuwa ameteguka mkono. Nikaenda kupiga pasi, na hadi leo sijatoka. Nilikuta fundi bomba anakariri maneno ya mfalme huku amevaa buti za kazini. Mwenyekiti ni hakimu mstaafu, na wiki ya onyesho kazi yake ni kuchemsha maji ya chai ya mapumziko na kuuza tiketi za bahati nasibu. Hakuna hata mmoja anayetafuta kuwa staa. Nilidhani ni kituko cha mji wetu tu, kumbe nchi nzima imejaa vikundi vya namna hii. Chama chao kikubwa, NODA, kimekuwapo tangu mwaka 1899.

Desemba na Januari ni msimu wa panto. Panto ni hadithi ya watoto iliyochanganywa na nyimbo, vichekesho na mafumbo ambayo watu wazima huyacheka na watoto hawajui kwa nini. Mama mtu mzima ndani ya hadithi huigizwa na mwanamume aliyejazia kifua na kujipaka rangi ya mdomo hadi karibu na masikio. Mtu mbaya huingilia upande wa kushoto wa jukwaa, malaika mwema upande wa kulia. Mwongozaji alipotueleza sheria hiyo alijiandaa kufafanua. Nikamwambia asihangaike, mimi nimelelewa Tanga, habari za mkono wa kushoto nilizijua kabla ya kujua kusoma.

Mengine ya Waingereza kwenye ukumbi yalinishinda mwanzoni. Katika tamthilia ya kawaida watu hukaa kama wako msibani, ukikohoa unageukiwa. Lakini siku ya panto watu hao hao huzomea, hupiga kelele kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, hubishana na jukwaa ndiyo-siyo hadi mishipa ya shingo iwatoke. Siku ya kwanza nilikuwa kando ya jukwaa nimeshika trei ya vyombo vya bandia, na machozi yakanitoka. Nilikumbuka nilivyopelekwa na baba mdogo, nikiwa mdogo, kuona onyesho la kikundi cha utamaduni kilichotoka Dar: ngoma, sarakasi, taarabu, katikati kichekesho. Mama mmoja aliyeguswa na mwigizaji aliinuka na noti yake, akapita katikati ya watu taratibu, akapanda jukwaani, akamtunza, akashuka huku anacheza. Mwigizaji hakuvunja hata neno. Hilo la kutunza nimewaeleza wenzangu hapa, wakaona ni uzushi wangu.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe. Nyumbani tunaamini hatuna maigizo kwa sababu hatuna pesa. Siamini. Nilipokuwa sekondari kila mahafali yalikuwa na ngonjera na igizo, kanisani kila Krismasi palikuwa na Yusufu na Maria, na Yusufu wa mtaani kwetu alikuwa mwigizaji kuliko wengi ninaowaona hapa. Tatizo letu ni kwamba igizo ni la mwanafunzi. Ukishamaliza shule unabakiwa na njia mbili: uwe msanii wa runinga, au uingie kikundi cha mradi.

Mradi naujua, nilikuwamo. Baada ya kidato cha sita nilizunguka na kikundi masokoni tukiigiza habari za UKIMWI. Tulianza na ngoma kuvuta watu, kisha igizo, kisha maswali. Tulikuwa wazuri, nasema bila aibu. Tulikuwa pia na karatasi ya kusaini posho. Mradi ulipofungwa tulikutana mara moja tu bila karatasi ile. Tulifika wanne kati ya kumi na saba, tukanywa soda, tukaagana. Simlaumu mtu, kila mmoja alikuwa na nyumba ya kulisha. Lakini tulikuwa tumefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba kuigiza bila kusaini ni ujinga.

Wala haikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1977 pale Kamirithu, Limuru, wakulima na vibarua wa Kenya walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kucheza kwa Kikuyu mchezo uliowahusu wao wenyewe. Walikuja baada ya kazi, hakuna aliyewalipa. Serikali iliona ni jambo zito kiasi cha kuuzuia mchezo baada ya wiki chache, kumweka Ngugi wa Thiong'o, mmoja wa waliouandika, kizuizini mwaka ulipokuwa unaisha, na mwaka 1982 kuubomoa ukumbi wenyewe. Kwetu Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji kutunga maigizo juu ya matatizo yao. Kwa hiyo nikiambiwa kuigiza kwa kujitolea ni mambo ya Wazungu, nacheka.

Ingawa mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuamini hivyo. Nilipoishi Dar nilipita mara ngapi mbele ya Little Theatre, ukumbi wa waigizaji wa kujitolea pale Haile Selassie Road, Oysterbay! Niliuona ni mahali pa Wazungu na magari yao, nikageuza uso dirishani. Ikabidi nivuke bahari ndipo niingie kwenye ukumbi wa aina ileile.

Tena nisiwasifu hawa kupita kiasi. Kikundi chetu ni cha wazee, vijana hawaji, na tukimpata mmoja anakwenda chuo Septemba. Mwaka wangu wa kwanza kuna aliyeniuliza kama naweza kupiga ngoma, ili wanipe nafasi ya kuingia nayo. Nilimwambia ngoma sijui, ila naweza kuwa mchawi, na mchawi nikawa, kutoka kushoto. Halafu kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Katika mchezo mmoja niliigiza mke wa bwana fulani miezi mitatu, usiku mbili kila wiki. Nilimjua anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Nyumbani kwake sipajui. Tulipomaliza usiku wa mwisho tulibomoa mandhari, tukafagia, akasema tutaonana Januari. Kwetu, wiki ya pili tu ningekuwa nimeshakwenda msibani kwao. Nadhani ndiyo maana wanalipa: maigizo ni ruhusa yao ya kukaa na watu. Sisi watu tunao hadi tunawakimbia, hivyo hatuoni haja ya kulipia ukumbi.

Lakini shirika tunalo, tena kali. Tazama kamati ya harusi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kikao kila Jumapili, kadi za michango, simu za kukumbushana ahadi zisizo na huruma hata chembe. Watu wanaosema hawana muda wanakuja vikao vyote kumi na viwili. Mamilioni yanapatikana, ukumbi unapambwa, siku moja tunakula pilau, na Jumatatu kamati imekufa. Kikundi cha huku ni kamati ya harusi iliyokataa kuvunjwa, basi. Hawana siri nyingine.

Agosti nakwenda Tanga likizo. Mwezi uliopita niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la waliomaliza pamoja: tucheze mchezo mmoja, ukumbi wa shule hauna kazi Jumamosi jioni, kila mtu achange elfu tano. Jibu la kwanza lilikuja ndani ya dakika moja: "Posho kiasi gani?" La pili: "Mimi sipandi jukwaani ng'o, nitakaa mlangoni kukata tiketi." Kisha kimya cha siku mbili, kisha picha za mtoto wa mtu anayetimiza mwaka. Mpaka leo tumefika saba. Mweka hazina tayari tunaye, ni yule aliyetukamua michango ya harusi ya mdogo wake mwaka juzi, na nasikia ameshaanza kuwapigia watu simu.

Mama ameuliza kama kwenye mchezo huo kuna bibi. Nikamwambia yupo. Akasema yeye halipi.