Mhasibu wenu yuko wapi kwenye bajeti?

Kila mwito wa miradi unapotoka, yaani wafadhili wanapotangaza kwamba wanapokea maombi, makundi ya WhatsApp ya mashirika ya Goma, mashariki mwa Kongo, hujaa faili ileile: mradi ulioandikiwa shirika fulani la Masisi, umebadilishwa jina la eneo na tarehe, sasa unauzwa. Muuzaji hataki pesa mapema. Anataka asilimia kumi ya ufadhili ukipatikana. Hilo linaniudhi kuliko yote. Asilimia hiyo haimo kwenye bajeti, mfadhili haikubali, kwa hiyo itatolewa kwa risiti za uongo. Shirika linaanza mradi likiwa na jambo la kuficha, na siku ya ukaguzi muuzaji hatakuwepo. Mkitaka msaada wa kuandika, mlipeni mtu bei ya kazi yake, kwa mkataba, kutoka michango ya wanachama, ufadhili upatikane usipatikane.

Tena anachowauzia ni maneno, na dosiye nyingi za kuomba ufadhili zinaangukia kwenye bajeti.

Tuchukue mfano: kufundisha wamama 40 wa Kyeshero kushona, miezi 9. Vyerahani 10 vya dola 150: dola 1,500. Walimu 2, kila mmoja dola 150 kwa mwezi: 2,700. Chumba, dola 100 kwa mwezi: 900. Vitambaa na uzi, dola 15 kwa kila mama: 600. Jumla 5,700. Bajeti nyingi zinaishia hapo, na viongozi wanaamini udogo wake utampendeza mfadhili. Anayeisoma anajiuliza mambo mengine kabisa. Nani atatunza risiti? Nani ataandika rapoti? Nani atakwenda kuangalia kama cherahani namba 7 bado ipo? Anajua kwamba kazi isiyolipwa ama haitafanyika, ama italipwa kwa siri na pesa ya vyerahani.

Kwa hiyo waandikeni watu hao. Mratibu wa dola 300 kwa mwezi, nusu ya muda wake, miezi 12: 1,800. Mhasibu wa dola 200, asilimia 30 ya muda wake, miezi 12: 720. Nasema miezi 12, si 9, kwa sababu kuna kuandikisha wamama kabla ya darasa la kwanza na kufunga hesabu baada ya darasa la mwisho. Nauli ya pikipiki za ufuatiliaji, dola 10 kwa mwezi kwa miezi 9: 90. Sasa tumefika 8,310.

Halafu inakuja gharama ambayo Goma tunaijua vizuri na karibu hakuna anayeiandika. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, pesa inapita kwenye simu, na wakala anakata. Tuseme anakata asilimia 4. Msizidishe 8,310 kwa asilimia 4, kwa maana anakata kwenye kiasi chote mnachotoa. Gawanyeni 8,310 kwa 0.96, mtapata 8,656. Tofauti, dola 346, iwe mstari wake wenyewe na jina lake wazi: gharama za kutuma na kutoa pesa. Mkiiacha, itakula mshahara wa mwalimu.

Mwisho wekeni gharama za uendeshaji: kodi ya ofisi, intaneti, umeme, karatasi. Hapa ndipo viongozi wetu wanapoona haya bila sababu. Umoja wa Ulaya unalipa hadi asilimia 7 katika ufadhili wake mwingi. Serikali ya Marekani ilipandisha kiwango chake cha kawaida kutoka asilimia 10 hadi 15 mwezi wa Oktoba 2024. Wakfu, yaani taasisi binafsi inayotoa ufadhili, ikinyamaza kuhusu kiwango, iulizeni kwa barua pepe kabla ya kutuma. Swali hilo halimuudhi mtu. Kwa asilimia 10 tunaongeza dola 866, jumla inakuwa 9,522. Gawanyeni kwa wamama 40: kama dola 238 kwa kila mmoja. Afisa wa wakfu atafanya hesabu hiyo, basi ifanyeni kabla yake na mweleze mama anaondoka na nini.

Kisha someni maelezo na bajeti pamoja, mstari kwa mstari. Kama maelezo yanataja wamama 40 na vitambaa ni vya 60, mmeshapoteza. Jumla za Excel ziwe fomula, zisiandikwe kwa mkono. Na semeni kiwango cha kubadilisha mlichotumia: mwaka 2025 faranga ilipanda ghafla mbele ya dola, na walioahidi malipo kwa faranga huku wakipokea dola walipungukiwa.

Karatasi zina ugumu wake. Wakfu binafsi ya Marekani inabanwa na sheria ya kodi ya kwao. Ama ithibitishe kwamba shirika lenu linalingana na shirika la hisani la Marekani, ama ichukue wajibu wa kufuatilia matumizi yote: uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, rapoti kila mwaka, pesa kutunzwa kwenye akaunti ya pekee. Ndiyo maana wanadai statuti (katiba ya shirika), hati ya Wizara ya Sheria chini ya sheria namba 004/2001, majina ya kamati na hesabu za mwaka uliopita. Jina la shirika liwe lilelile kila mahali. Herufi moja ikipungua kwenye hati ya benki, dosiye inasimama. Akaunti iwe ya shirika, yenye sahihi mbili, hata kama tawi liko mji mwingine. Kwenye akaunti ya mtu binafsi hawatumi. Ongezeni nusu ukurasa unaoonyesha njia ya pesa: kutoka akaunti hiyo, hadi laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina la shirika, hadi kwa mwalimu anayetia sahihi.

Msiandikie kila wakfu. Wakfu binafsi za Marekani hujaza fomu ya kodi 990-PF kila mwaka, nayo iko wazi kwa umma: inataja nani alipewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Kama wakfu haijawahi kutoa hata dola moja nje ya nchi yake, okoeni wiki zenu mbili.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba lawama si yetu peke yetu. Wapo wafadhili wanaodai kurasa nyingi za Kiingereza kwa dola 5,000, na baada ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, kufungwa mwaka 2025 foleni imekuwa ndefu kwenye milango ileile michache. Wakfu zinazosema zinataka kufikia Kivu zikubali orodha ya miamala ya simu kama ushahidi wa malipo, pamoja na sahihi ya aliyepokea, na zilipe makato ya wakala bila kuyahesabu kama gharama za uendeshaji. Hadi zikubali, ombeni jibu la maandishi kuhusu mambo hayo mawili kabla ya kutia sahihi mkataba.