Mwenye Ardhi Akae Kiti cha Mbele

Ndugu na jamaa wakinipigia simu kutoka nyumbani huniuliza ni kitu gani cha Marekani ningependa na sisi tuwe nacho. Wanategemea nitaje barabara za lami, umeme usiokatika au hospitali. Hivyo vyote ni vizuri na tunavihitaji. Ila mimi, baada ya kuishi Arizona miaka mingi, jibu langu ni utaratibu mmoja wa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa huko. Kwenye nchi yao ya miamba myekundu, mgeni haingii sehemu za ndani isipokuwa kwa gari la Mnavajo, na Mnavajo akiwa kwenye usukani. Mimi ni mtoto wa Karatu. Nimekua nikiyaona magari ya watalii yakipanda Ngorongoro asubuhi na kushuka jioni yamejaa vumbi, na kati ya yote niliyoyaona huku ughaibuni hakuna lililoniingia moyoni kama hili.

Nazungumzia Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah. Kutoka Phoenix ni mwendo wa saa tano hivi: unapita Flagstaff, Tuba City, Kayenta, na sehemu kubwa ya njia hiyo uko ndani ya Navajo Nation, yaani nchi ya Wanavajo ndani ya Marekani. Eneo lao lina kilomita za mraba zipatazo 70,000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha bado hazilifikii. Wana rais wao, bunge lao, mahakama zao na polisi wao. Pombe ni marufuku. Hata saa wana yao: Arizona haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi, wao wanaisogeza mbele kwa saa moja, kwa hiyo ukienda Julai liweke hilo kichwani, la sivyo utafika gari la ziara limeshaondoka.

Bonde lenyewe ni uwanda mkavu, na katikati yake imesimama minara ya mawe, mingine ikifika mita 300 kutoka chini. Wekundu wake unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya mawe, na chuma hichohicho ndicho kinachofanya udongo wa Karatu ung'ang'anie kwenye viatu na nguo nyeupe. Kuna barabara ya vumbi ya kilomita 27 ambayo mgeni anaruhusiwa kuizunguka kwa gari lake. Zaidi ya hapo ni mwiko, kwa sababu mle ndani watu wanaishi, kondoo wanachungwa, na yako maeneo ya ibada. Ukitaka kufika huko, unapanda gari la mwenyeji.

Letu lilikuwa pick-up iliyofungwa mabenchi nyuma, paa la turubai, pembeni wazi. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, kofia kichwani, sauti ya chini. Kabla hajawasha gari alijitambulisha: kwanza ukoo wa mama yake, kisha ukoo wa baba yake, kisha wa babu mzaa mama, mwisho wa babu mzaa baba. Ndiyo desturi yao. Nilifurahi sana, maana Phoenix mtu akikutana nawe swali la kwanza ni unafanya kazi gani. Kwetu swali la kwanza ni wewe ni mtoto wa nani, na yule mzee alilijibu kabla hajaulizwa.

Tulipotoka kwenye barabara ya wageni alisimama, akashuka, akatoa upepo kidogo kwenye matairi yote. Akaweka foo-wili, akaingiza gia nzito, tukaanza kupanda mchanga. Sehemu moja upepo ulikuwa umehamisha mchanga na kuziba njia ya jana. Alishuka tena, akaukanyaga kwa kiatu huku na huku, akachagua upande wa kushoto karibu na vichaka, akapita taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Madereva wetu wa Karatu wangemheshimu papo hapo. Wao wanaijua siri hiyo kwa upande wa tope: ukipandisha hasira kwenye mafuta, tairi linachimba na gari linalala tumbo.

Alitufikisha kwenye mwamba mmoja mkubwa uliojikunja ukawa kama kuba, na juu yake tundu linaloonyesha anga. Wageni huuita Big Hogan, kwa kuwa nyumba ya asili ya Wanavajo, hogan, nayo ina tundu juu la kutolea moshi. Alituambia tuegemee mwamba, tulale chali, halafu akaimba. Sauti ilizunguka mle na kurudi juu yetu. Alipomaliza, kijana mmoja wa Kimarekani akamwomba asimulie hadithi ya mbweha wa jangwani, aliwahi kusikia kwamba Wanavajo wanazo nyingi. Mzee akakataa kwa upole. Alisema hadithi hizo husimuliwa majira ya baridi tu, na sasa ni kiangazi. Kijana akasema ametoka mbali. Mzee akamwambia basi arudi Desemba, tukapanda gari.

Hapo ndipo nilipoelewa utamu wa jambo lenyewe. Mzee yule alikuwa amelipwa, alikuwa kazini, na bado alikuwa na haki ya kusema hapana. Hakuna tajiri aliyekaa ofisini katika mji mwingine ambaye angempigia simu kumuuliza kwa nini mteja hakuridhika. Tulipofika nyumbani kwa mama yake mdogo, anayefuma mazulia ya sufu, mzee ndiye aliyeingia kwanza kuuliza kama tunakaribishwa na kama picha zinaruhusiwa. Picha hazikuruhusiwa. Tulikaa, tukatazama mikono ya yule bibi ikipitisha nyuzi, tukaaga.

Mtu anaweza kudhani Marekani yote iko hivyo. Haiko. Kusini zaidi, jimbo hilohilo la Arizona, kuna Sedona, nayo ni nchi ya miamba myekundu na magari ya Jeep yanapanda mawe makali kutwa nzima. Nimepanda, na kwa uzuri wa macho sina la kulalamika. Dereva alikuwa hodari na mcheshi. Alituonyesha umbo la kila mwamba, akatutajia sinema za cowboy zilizopigwa pale. Wenyeji wa nchi ile, Wayavapai na Waapache, waliingia kwenye maelezo yake kwa sentensi moja: zamani walikuwepo. Ukweli ni kwamba Februari 1875 jeshi liliwakusanya na kuwatembeza kwa miguu milimani kwenda San Carlos, karibu kilomita 290, wakati wa baridi, na wengi walifia njiani. Wajukuu wao wapo hadi leo, wanaishi jirani kabisa na Sedona. Mwamba ni mwekundu kotekote na gari linarukaruka kotekote, ila kule Monument Valley nilikuwa mgeni wa mtu, na Sedona nilikuwa mteja tu.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 1958 baraza la Wanavajo liliifanya Monument Valley kuwa hifadhi yao, wakaisimamia wao na mapato yakaingia kwao. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, wazee 12 wa Kimasai waliwekeshwa saini hati ya kuhama Serengeti. Mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu na wanyama kwa pamoja, na Turnbull, gavana wa kikoloni wa Kiingereza, akawaahidi Wamasai kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya watu, ya watu yatatangulia. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta wakatolewa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Tangu 2022 familia zinahamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na kwamba watu walikuwa 8,000 mwaka 1959 na sasa wamepita 100,000. Lakini Agosti 2024 wananchi wa Ngorongoro waliingia barabarani kwa wingi na magari ya watalii yakasimama. Mtu aliyeridhika na hiari yake haendi kukaa barabarani.

Naomba nieleweke. Madereva wetu wa Arusha, Karatu na Moshi ni mafundi, wengine ni ndugu zangu wa damu. Wanajua ndege kwa majina, wanajua chui amelala mti gani, wanaongea lugha ambazo hakuna aliyewafundisha darasani. Kinachoniuma ni mpangilio. Mmasai wa Ngorongoro anaonekana kupitia dirisha la gari. Msafara unasimama bomani, watu wanaruka na kuimba, wageni wananunua shanga, gari linaondoka, na maelezo juu ya maisha yake yanatolewa na mtu mwingine huku yeye akibaki nyuma kwenye vumbi. Ni kitu cha kutazamwa, kama twiga. Hakuna anayemuuliza ni hadithi ipi isisimuliwe leo.

Na sitaki kuwapamba Wanavajo wakaonekana wako peponi. Mwaka 1864 jeshi liliwatembeza mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, walikozuiliwa, wakarudi kwao kwa mkataba wa 1868. Miaka ya 1930 serikali iliwachinjia kondoo na mbuzi wao kwa wingi, eti kuokoa udongo. Mzee wetu alilizungumzia hilo kana kwamba aliliona, kwa sababu bibi yake aliliona. Kati ya 1944 na 1986 madini ya urani yalichimbwa kwao kwa ajili ya mabomu na umeme wa wengine, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa nyuma na sumu yake. Mpaka leo karibu theluthi moja ya nyumba za Wanavajo haina maji ya bomba. Nyuma ya nyumba ya yule mama mfumaji niliona tangi la plastiki ambalo mpwa wake hulijaza kwa pick-up ileile anayobebea watalii. Usukani haujaleta maji. Umeleta kazi kwa kijana asiyetaka kukimbilia mjini, na umelinda siri za nyumbani, na kwangu hayo si madogo.

Najua nitakavyojibiwa: mawe si tembo, wanyamapori ni mali ya Watanzania wote, kabila moja haliwezi kumiliki Ngorongoro. Sibishani na hilo. Tembo ni wangu pia, mimi Mwiraqw wa Karatu, na ni wa mtu wa Mtwara. Ila tazama Canyon de Chelly, kusini-mashariki ya Monument Valley. Pale ni hifadhi ya taifa la Marekani tangu 1931, askari wa hifadhi ni wa serikali kuu, lakini ardhi imebaki ya Wanavajo, familia zao bado zinalima mahindi na kupanda mipichi chini ya korongo, na mgeni hashuki chini kwa gari bila mwongozaji Mnavajo. Taifa lina hifadhi, mwenyeji ana nyumba yake, na watalii hawajaacha kuja. Kumbe inawezekana.

Tena kwetu mbegu ipo. Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, ukitaka kuwaona Wahadzabe unamchukua mwongozaji wa palepale anayejua lugha yao. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja mwaka 2011, jambo ambalo wafugaji na wawindaji wengi nchini hawana. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, pembeni mwa Maasai Mara, wenye mashamba wameziunganisha ardhi zao na kuzikodisha kwa kambi za watalii, Naboisho kwa mfano, na kodi inawafikia wao. Hata huko malalamiko yapo, hasa ya wanawake wasio na majina kwenye hati. Yarekebishwe.

Ninachokitaka hakihitaji kumnyima dereva wa Arusha mkate wake. Abaki na gari lake na usukani wake, ila kwenye ardhi ya vijiji kiti cha mbele kushoto akae mwenyeji, na sheria ndogo ya halmashauri iseme hivyo. Wilaya ya Ngorongoro inaweza kuanza na barabara ya Natron, ambako vijana wa Engare Sero tayari wanawapandisha wageni Ol Doinyo Lengai usiku wa manane kwa miguu yao wenyewe. Vijana hao wapewe leseni, mafunzo ya huduma ya kwanza, na ujira unaoandikwa kwenye risiti ya safari tangu Arusha, wasiachiwe kutegemea bahashishi ya mgeni akishachoka na kushuka mlimani.